Kamera ya Kwenda Nayo Gatini

9 Machi

Mwanangu Miwani,

Salamu nyingi wewe na mkeo. Mimi mzima, na cherehani yangu nayo nzima, ingawa mwezi huu inapiga kelele kuliko mwenyewe. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani, juzi nimelala nimekumbatia sketi za darasa la tatu. Goti la baba yako linaendeleaje? Mwambie kaka yangu aache ubishi aende hospitali. Goti si bawaba ya mlango kwamba utalipaka mafuta liache kulia.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu sishiki tena, unajua mwenyewe. Ililia nikiwa nakata kola, ikaniambia ilichoniambia, na kesho yake nikampa jirani. Anayenitaka na aandike.

Sasa shida yangu. Yule binti aliyekuwa akilala chumba kimoja na Chiriku huko ng'ambo ameniandikia tena. Ananiita nikakae kwake kiangazi chao chote, kuanzia Juni mpaka majani yaanze kuanguka. Yeye na wale rafiki zao wengine watatu wamenilipia tiketi. Miaka miwili iliyopita nilikataa, nikasema nina kazi nyingi. Mwaka huu nimekubali. Mwanangu Chiriku tulimzika hapa, lakini mahali alipoanguka mpaka leo sijapaona.

Nataka kamera ya dijitali. Wewe ndiye mwenye duka, nichagulie. Ila usihangaike sana maana nimeshachagua: nataka kama ile aliyoondoka nayo Chiriku, nyekundu, ndogo, ya kushikika kwa mkono mmoja. Picha alizokuwa akinitumia ninazo zote, madaraja, ngazi, duka la kufulia nguo, wenzake wakicheka. Yeye mwenyewe hayumo hata katika moja kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika kamera. Nataka nikasimame pale alipokuwa amesimama kila alipopiga. Nikitazama alichokitazama, nitakuwa nimemkaribia kwa upande huo, hata kama uso wake sitauona.

Usinicheke. Nijibu upesi.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Duka lilikuwa na kazi za mitihani, picha ndogo za vitambulisho asubuhi hadi jioni, nyuso za watu wasiotaka kutabasamu. Baba alikwenda hospitali kwa amri yako, akapewa dawa na fimbo. Dawa anakunywa, fimbo ameigeuza ya kuanikia taulo. Mke wangu anakusalimu sana, anasema ile nguo uliyomshonea bado inamtoshea, na kwamba nisikuambie imeongezwa pembeni.

Kuhusu kamera. Ile nyekundu haipatikani siku hizi, Shangazi, kiwanda kimeacha kuitengeneza. Hata ingepatikana nisingekushauri. Kwa safari ndefu kama yako ningekuchagulia yenye lenzi pana. Lenzi pana maana yake ni kwamba unaweza kusimama karibu na watu na bado wote wakaenea kwenye picha. Huhitaji kusogea popote. Halafu chukua isiyo na kitundu cha kuchungulia kwa jicho. Hizo zenye kitundu zinakuziba uso, huoni kilicho kando yako. Hii nitakayokupa ina kioo nyuma, unaishika mbali kidogo na uso, unaona picha na unaona miguu yako pia. Betri zake ni zile za kawaida, utazipata hata kwa muuza sigara. Na nitaifunga kamba ya shingoni ili mikono yako yote miwili iwe huru.

Jambo la mwisho. Kabla ya kupiga, simama kwanza. Usipige ukiwa unatembea. Hili nawaambia wateja wote.

Kama ni kutazama alichokitazama, picha zake unazo tayari. Sijui kama kuna haja ya kuzifuata mpaka zilikotoka. Lakini wewe ni mkubwa, mimi ni muuza kamera tu.

Mwanao,
Miwani


20 Aprili

Mwanangu Miwani,

Tunaendelea vizuri. Sare nimezimaliza, sasa nashona za kwaya, na wanakwaya wote wamenenepa kwa pamoja kama waliokubaliana. Mwambie mkeo nguo kuongezwa pembeni si siri, mimi ndiye niliyeacha kitambaa cha akiba kwenye mshono, nilimwona anavyokula.

Barua yako nimeisoma kama mtu anayesoma karatasi ya dawa, nikitafuta yale maandishi madogo ya chini. Umenivunga, Miwani. Jirani yangu alipita dukani kwako wiki jana kupiga picha ya pasi. Ameiona kamera nyekundu kabatini, nyuma ya kioo, imekaa peke yake kwenye rafu. Nilimuuliza mara mbili, ndogo? Akasema ndogo. Kwa hiyo kiwanda kimeacha kutengeneza lakini duka lako halijaacha kuwa nayo.

Kama hutaki kuniuzia, sema hutaki. Mimi sivunjiki. Kila mtu ananizungukazunguka kama chungu chenye ufa. Kaka yangu akiniandikia anaeleza mvua. Majirani wakifika mlangoni mwa chumba cha Chiriku wanashusha sauti, utadhani amelala. Na mimi mwenyewe, nikuambie ukweli, chaja yake ya kamera, iliyorudi na mizigo yake, bado nimeichomeka ukutani. Ile taa yake ndogo ya kijani inawaka mchana kutwa katika chumba kisicho na mtu. Nimejaribu kuichomoa. Mkono unafika, halafu nakumbuka kuna chungu jikoni, naondoka.

Ninachokijua ni hiki. Walikwenda ziwani siku ya mapumziko. Wakajipanga wanne kwenye gati la mawe, yeye akapiga picha. Hawakuenea. Akarudi nyuma, gati likaisha, na chini yake palikuwa na mawe kabla ya maji. Hayo nimeandikiwa na nimeyameza. Nataka kusimama hapo na kamera kama yake. Niambie unaniuzia au huniuzii.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima. Baba anatembea vizuri ila hataki kukiri kwamba ni dawa, anasema goti lilichoka tu kuumwa.

Ile nyekundu ipo, ya mwisho ya aina hiyo. Siiuzi. Mtu mmoja alitaka kunilipa zaidi ya bei, nikamwambia imeharibika. Kuitupa nimeshindwa na kuiuza nimeshindwa, kwa hiyo imebaki kabatini na kila asubuhi nafuta vumbi kwenye rafu yake. Naomba usiniulize zaidi kuhusu hiyo.

Nimekutumia kifurushi. Ndani kuna kamera yenye lenzi pana, ya rangi ya fedha, kadi yake, betri, na ile kamba ya shingoni. Nimeijaribu mwenyewe hapa dukani. Nilisimama karibu kabisa na kaunta, na baba, mke wangu, pazia na mlango vyote viliingia. Ukishaiwasha subiri kioo kitulie.

Umeniambia kweli kuhusu chaja, nami nitakuambia moja la huku. Mteja akija kujaribu kamera, anainua, anaona rafiki yake haenei, anaanza kurudi nyuma. Kila mtu hufanya hivyo, ni kawaida ya binadamu. Mimi siku hizi siwezi kuvumilia. Natoka kaunta nakwenda kusimama nyuma yake. Nyuma yake hakuna kitu, ni ukuta na kalenda. Lakini nasimama tu. Wateja wanadhani naogopa wataniibia, wawili wamekasirika na kuondoka. Juzi aliingia msichana mwenye shingo nyembamba kama ya Chiriku, akarudi nyuma akicheka, nikamshika mabega kabla sijajua ninachofanya. Nilimwomba radhi. Nilifunga duka mapema siku hiyo.

Naogopa safari yako, Shangazi. Nimeliandika, basi. Ukifika, nenda sokoni, nenda kwenye madaraja, piga picha za wale wenzake, wape salamu zetu. Gatini usiende.

Miwani


3 Julai

Mwanangu Miwani,

Salamu kutoka ng'ambo. Nimefika salama, miguu imevimba na begi moja limefika siku ya pili likiwa limechoka kuliko mimi. Mwenyeji wangu ndiye yule wa chumba kimoja na Chiriku. Ni msichana mpole, mrefu, anafanya kazi ofisi ya vipimo vya macho. Anakunja taulo kama Chiriku alivyokuwa akikunja, kwa tatu, halafu anazungusha. Siku ya kwanza nilipoiona ile taulo bafuni ilinibidi nikae ukingoni mwa beseni la kuogea. Wengine watatu wanakuja jioni, wananifundisha kupanda treni, wananicheka nikisalimia kila mtu njiani.

Kamera yako ni nzuri. Nimefuata picha zake moja baada ya moja. Nimesimama kwenye ngazi za maktaba, kwenye daraja la chuma, mbele ya duka la kufulia ambalo sasa linauza viatu. Kila mahali naweka picha yake mkononi, natafuta nguzo au dirisha mpaka vinalingana. Na kila mahali jambo moja linatokea. Nikisimama pale pale aliposimama, kamera yako inaingiza vitu ambavyo yeye hakuvipata, mti wa pembeni, pipa la taka, mtu anayepita. Nikitaka yangu ifanane na yake lazima nisogee mbele.

Mbele, Miwani. Hakuna hata mara moja ambayo nimehitaji kwenda nyuma. Mimi ni mshonaji, nguo ikikatwa kwa makusudi najua. Kioo cha kuniwezesha kuona miguu, kamba ya kunifanya mikono iwe huru, lenzi ya kunisukuma mbele. Umenishonea kamera kwa vipimo vya hofu yako. Sijakasirika. Niliifikiria ndani ya treni nikalia, na bibi mmoja akanipa karatasi ya kufutia pua.

Imebaki gati. Nimeshafika mara moja kulitazama kwa mbali. Ni refu, halina kizuizi, na wale watatu kila mmoja ananionyesha jiwe lake. Mmoja anasema walisimama hapa, mwingine anasema pale, wamekaribia kugombana. Mwenyeji wangu yeye haonyeshi popote, anatazama maji.

Ile kamera yake ilipoletwa imelowa, wewe ndiye uliyetoa kadi ukaikausha ukanichapishia picha. Ulinipa zote isipokuwa ya mwisho. Nilijua tangu siku ile, kwa jinsi ulivyonikabidhi bahasha bila kunitazama. Nitumie sasa. Kwa picha hiyo nitajua pa kusimama. Usiponitumia nitakwenda hivyo hivyo, nitakisia.

Shangazi yako


25 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Kila jioni anapita dukani kuuliza kama kuna barua yako, na nikisema hakuna anajifanya alikuja kununua betri. Ana betri za kutosha kuwasha mji. Mke wangu mzima, ana habari njema ambayo ameniambia nimwachie aitoe mwenyewe ukirudi.

Picha hiyo hapo, nimeiweka katikati ya kadi mbili ngumu isikunjike. Nilikaa nayo wiki mbili kabla ya kufunga bahasha. Kabla hujaitazama kaa chini.

Wamesimama wanne, mawe yako chini yao, jua limewapiga usoni. Watatu wanacheka. Wa kushoto, mrefu, ameinua mkono na mdomo wake uko wazi. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani anapunga. Niliitazama tena kesho yake, nikaona macho yake. Hapungi, Shangazi. Ameona gati limeisha. Sikuweza kukupa picha ambayo ndani yake kuna mtu tayari anajua na Chiriku bado hajui.

Sasa unayo. Ukienda usiende peke yako. Wawepo wote, kweupe, kukiwa hakuna upepo. Kwenye kamera yako wataenea. Ukiona hawaenei, basi waache wasienee, kata hata kichwa cha mtu, mimi nitarekebisha huku.

Kuna maneno fulani nilikuwa nikiwaambia wateja wote wanaponunua kamera. Siku hizi siyasemi. Nilitaka kukuandikia ni maneno gani, nimeandika na kufuta mara nyingi, karatasi imechakaa.

Sitaki kukausha kadi nyingine. Rudi.

Miwani


30 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata neno lako tangu nilipotuma ile picha. Nimepiga simu kwa mwenyeji wako, inalia tu mpaka inakatika. Baba haji tena kununua betri. Anakaa kwake na ameacha kutania kuhusu goti, jambo ambalo linaniogopesha kuliko alipokuwa akilalamika.

Nisingekutumia ile picha. Au ningekuja nayo mwenyewe. Sijui ningefanya nini. Andika hata mstari mmoja.

Miwani


6 Septemba

Mwanangu Miwani,

Mimi mzima. Hilo lisome kwanza, kisha nenda kamsomee kaka yangu kabla hujaendelea.

Nisamehe kwa kimya. Baada ya siku ile ya gatini mwenyeji wangu alitupeleka sote kwa wazazi wake, mashambani, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyekuwa na nguvu za kuandika. Narudi nyumbani mwisho wa mwezi huu. Mwambie mkeo habari yake njema ninaikisia, na kwamba nimeshanunua kitambaa laini.

Tulikwenda asubuhi, kweupe, kama ulivyoagiza. Nilikuwa na picha mkononi. Jiwe lilipatikana kwa sababu lina ufa, na ufa huo unaonekana katika picha karibu na kiatu cha mmoja wao. Wakajipanga kama walivyokuwa, wakubwa sasa, mmoja ana kitambi. Nikahesabu mawe kutoka kwao mpaka alipokuwa Chiriku, nikafika, nikageuka. Maji yalikuwa mgongoni mwangu. Nilikuwa nayasikia yakigonga.

Niliinua kamera mbali na uso. Wote wanne walikuwa ndani, na nafasi imebaki huku na huku. Hapakuwa na sababu ya kusogea. Na bado, Miwani, miguu yangu ilianza kurudi. Sikuwa nataka kufa, elewa hivyo, na kaka yangu naye aelewe hivyo. Ila nilihisi Chiriku yuko nyuma yangu. Si kama ndoto. Ni kama mtu anavyojua, akiwa anashona, kwamba mtoto ameingia chumbani na amesimama hapo kimya akisubiri kuulizwa anataka nini. Niliona ni hatua ndogo tu, nikirudi mgongo wangu utamgusa. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo, miguu nilikuwa naiona vizuri kabisa, kama ulivyotaka. Niliiona inakwenda. Nilibonyeza kitufe huku kisigino kimoja kikiwa hakina jiwe tena.

Mwenyeji wangu hakuinua mkono safari hii. Alikimbia. Unazijua kamera hizi, zinachelewa kidogo baada ya kidole, na katika kuchelewa huko alikuwa ameshatoka mstarini. Alinikamata kiunoni tukaanguka wote wawili upande wa mawe makavu, na akanishikilia hivyo hivyo, akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Miaka hii yote watu wakiitazama siku ile wanamwambia alifanya alichoweza. Alikuwa ananiambia samahani, mama, samahani. Nikamwambia umefika, mwanangu, umefika. Magoti yangu yalichubuka, sasa mimi na kaka yangu tutakuwa na la kuongea.

Na wewe sikia. Maneno unayoandika na kufuta nayajua. Nilikuwepo dukani siku Chiriku alipochukua ile kamera yake, nimekaa kwenye stuli karibu na mlango, nimebeba begi lake. Ulimwonyesha kitundu cha kuchungulia, ukamwambia watu wasipoenea arudi nyuma kidogo. Ndiyo maneno ya kazi yako, na mimi nilicheka kwa sababu alianza kurudi hapo hapo akaangusha vitu vya watu. Hukumsukuma. Mimi aliyemzaa sijawahi kukuhesabia maneno hayo hata siku moja, na kama ungenionyesha ile picha mapema ningekuwa nimekuambia mapema. Toka nyuma ya wateja. Waache warudi mpaka kwenye kalenda.

Kadi nimeifunga ndani ya pamba pamoja na barua hii. Ya gatini imo moja tu. Imepinda, upeo wa maji umelala upande. Watatu wametoka vizuri, wanaangalia kushoto, na huko kushoto hakuna mtu, kuna ukungu wa buluu uliotapakaa mpaka karibu na lenzi. Najua picha zilizotikisika unazifuta bila kumuuliza mteja. Hiyo nichapishie kubwa, ya kutundika ukutani. Ukungu huo ni gauni la mwenyeji wangu, anakuja kunishika.

Shangazi yako